Jaws Corner: kahawa safi, kesi ya kurubuni wachezaji bado haijesha

Kwa wanaouliza wapi Mji Mkongwe mtu anaweza kunywa kahawa bila kupigwa bei ya watalii, mie nasema Jaws Corner. Si mkahawa, ni kijiuwanja tu vinapokutana vichochoro, mabaraza ya saruji pembeni, mdila na vifinjani, kahawa chungu haswa na kashata kama meno bado unayo. Kahawa nyota tano. Pa kukaa tatu, maana siku ya mechi ukichelewa ndo umesimama.

Ila mie nnachofata pale ni mabishano. Saivi mada ni timu kumrubuni mchezaji mwenye mkataba, na ukitaka kuiwasha Unguja mtaje Fei Toto tu, yule kiungo Feisal Salum. Disemba 2022 kijana wetu kasema anaondoka Yanga, kawawekea shilingi milioni 112 kwenye akaunti ili avunje mkataba, Yanga wakazirudisha, kamati ya TFF, shirikisho la mpira la Tanzania, ikasema bado ni mchezaji wao mpaka 2024, mwisho 2023 akauzwa Azam. Kesi ile ilikuwa ya kuvunja mkataba, si ya kurubuniwa, lakini barazani vyote vinatiwa chungu kimoja na mtu ukisahihisha unaulizwa we wa timu gani.

Kuna ami mmoja, huyo peke yake anatosha kukufanya urudi, akatoa ya Ashley Cole, beki wa Uingereza. 2005 yuko Arsenal, kakutana na Chelsea hotelini London. Chelsea faini pauni 300,000 na pointi tatu za kuning'inizwa yaani wakirudia ndo zikatwe, kocha wao Mourinho 200,000, Cole 100,000, hao wawili wakakata rufaa zikashuka 75,000 kila mmoja. Halafu 2006 Cole kaenda Chelsea vilevile! Sasa hapo yakhe nani kaadhibiwa? Kwa tajiri faini ile ni gharama ya usajili tu.

Wamarekani kwenye mpira wao ule wa kubeba mikononi, American football, wanauma kweli. 2022 Miami Dolphins walikutwa wamezungumza na nyota Tom Brady akiwa na mkataba kwengine, tajiri mwenye timu faini dola milioni 1.5, lakini kilichowauma ni kunyang'anywa zamu yao ya raundi ya kwanza ya kuchagua vijana wapya 2023, na ya raundi ya tatu 2024. Hiyo huinunui.

Sisi zamu hizo hatuna, ila kufungiwa usajili kupo, kwa sheria za FIFA klabu inayomshawishi mchezaji avunje mkataba inaweza kufungiwa madirisha mawili ya usajili. Mie naona hata klabu iliyompigia mchezaji simu tu bila kuiandikia kwanza klabu aliyoko ifungiwe dirisha moja, na mchezaji yuleyule isimsajili msimu ule, faini baadae. Mchezaji mwenyewe faini ndogo basi, usimfungie, miguu yenyewe ina miaka mingapi. Na ikibaki miezi sita mkataba wake kwisha, kusaini kwengine ni haki yake, watu wasipige kelele.

Ami hakukubali, anataka pointi zikatwe palepale. Tumeachana isha inaadhiniwa.

Mkienda chukueni chenji ndogondogo, noti ya elfu kumi kwa kifinjani kimoja mtamsumbua mzee wa watu.