Kocha wa maisha alinifikisha kwenye lengo langu, halafu akaitoa siri yangu kwenye grupu

Nilikuwa nimejipanga kuja kumsifia huyu mama, kweli kabisa, maana unga wangu wa lishe saa hizi una alama ya ubora ya TBS, lile shirika la viwango Tanzania, na bila yeye ningekuwa bado nauza kwenye vimfuko visivyo na jina. Sasa hata sijui nimweke wapi.

Haki yake nimpe kwanza. Hakuwahi kuniambia fanya hivi au vile, yeye anauliza tu. Wana njia yao inaitwa GROW, alituambia ilienezwa na Mwingereza John Whitmore ambaye zamani alikuwa dereva wa magari ya mashindano, yaani unaulizwa unataka nini, hali yako ikoje sasa hivi, kuna njia gani, halafu utafanya nini na lini. Hapo kwenye lini ndipo anapokubana. Mimi miaka nenda rudi nilikuwa nasema "nitafuatilia TBS", nafuatilia kwa mdomo. Akaniuliza, "Dada, kesho saa nne asubuhi utakuwa wapi?" Nikakaa kimya. Na yeye kimya, ananiangalia tu, mpaka nikasema nitakuwa SIDO, shirika la viwanda vidogo, naomba barua ya utambulisho ya kupeleka TBS. Na nikaenda kweli, maana nilijua jioni meseji yake inakuja. Jina la biashara nikasajili BRELA kwa simu, karanga nikawa nachambua moja moja nikiogopa sumukuvu, ile sumu ya ukungu, isije ikaonekana kwenye vipimo. Yote hayo nilikuwa nayajua, ila hakukuwa na mtu wa kuniuliza nimefikia wapi.

Sasa sikieni alichonifanyia.

Kuna kikao alinichimba kwa nini naogopa biashara ikikua, nikajikuta nalia, nikamwambia kitu ambacho nyumbani sijakisema: mtoto alipolazwa nilichukua mkopo wa kausha damu, ile ya mtaani yenye riba ya kukamua, marejesho yakanishinda, wakaja wakabeba friji mchana kweupe, mume wangu anajua niliuza. Basi juzi kati hapa madam kaweka voisi kwenye grupu lake la WhatsApp anatangaza darasa jipya, anasema kuna mama mmoja wa unga wa lishe, kausha damu walimbebea friji, lakini angalieni leo yuko wapi. Wa unga wa lishe mle ndani ni mimi peke yangu! Na wifi yangu yumo. Hata sijaimaliza kuisikiliza, wifi huyo kwenye simu, "Wifi, kumbe lile friji hukuliuza?"

Nikampigia madam natetemeka. Pole hakuna. Ananiambia, "Mpenzi, sijataja jina, huo ni ushuhuda, wewe bado una maindseti ya aibu na hiyo ndiyo tutaifanyia kazi." Jamani! Kaniumiza yeye, halafu maumivu yangu ndiyo yanakuwa mada ya kikao kijacho, na nilipie! International Coaching Federation, chama cha makocha kilichoanzishwa Marekani mwaka 1995, ambacho jina lake halimtoki mdomoni, maadili yao yanamtaka kocha atunze siri za mteja. Hilo hakulisoma?

Nilitaka niandike msiende kabisa kwa hawa watu, lakini nikiiangalia ile pakiti siwezi kudanganya, maswali yake yanafanya kazi, mtu mwenye lengo lililolala miaka anaamka. Kwa hiyo nendeni tu, ila mambo ya ndani msiseme... hapana, hapana, nimekosea hata kuandika hivyo, kwa sababu bila kusema unachokiogopa hayo maswali hayafiki popote, mimi kilichonisukuma ni kwamba nilimwambia ukweli wote. Kwake msiende. Tafuteni kocha mwingine, na kabla hujatuma hela muulize mnachoongea kinaishia wapi, tena akuandikie, akianza kuzungukazunguka ondoka.

Mimi nilishamlipa kwa M-Pesa vikao vya mbele na sivitaki tena. Nimemwandikia aifute ile voisi na hela ya vikao vilivyobaki anirudishie yote. Kasoma, tiki za bluu nimeziona, hajajibu, ila tangazo la darasa jipya jana kalirusha tena.