Sevo ya usukani wa nyambizi ya rimoti: ipi ununue, ipi uiache dukani

Kiangazi kilichopita, kwenye bwawa la kumwagilia zabibu kule Mpunguzi, Dodoma, nyambizi yangu ilizunguka duara lile lile mpaka betri ikakata. Mwenye shamba alikuwa amekaa juu ya tuta anatafuna zabibu zake na kutema mbegu.

"Fundi," akaniita, "huyo samaki wako amevunjika shingo?"

Usukani ulikuwa umelala kushoto na haurudi. Na ndani nilikuwa nimefunga sevo, yaani mota ndogo inayogeuza usukani kwa amri ya rimoti. Yangu ilikuwa MG996R, ile kubwa ya gia za chuma ambayo ukiishika inajaa mkononi. Jioni nilipofungua nikakuta sevo nzima kabisa. Kosa lilikuwa kwenye tundu ambalo waya wa usukani unapenya kutoka ndani kwenda majini. Kwa kuogopa maji nilikuwa nimekaza oringi, ile pete ya mpira ya kuzibia, mpaka waya haupiti ila kwa kulazimishwa. Sevo ikasukuma, ikavuta umeme mwingi, volti zikashuka, risiva inayopokea amri za rimoti ikazima na kuwaka upya, sevo ikasukuma tena. Ndiyo lile duara.

Kwa hiyo ukiniuliza sevo gani yenye nguvu inafaa, nitakujibu kwamba nguvu si tatizo lako. Twende kwenye hesabu kidogo. Usukani wa nyambizi ya bomba la plastiki la inchi 4, kama yangu, una upana wa sentimita 4 na kimo cha sentimita 5. Nyambizi ikienda mita 1 kwa sekunde, yaani mwendo wa mtu anayetembea bila haraka, maji yanausukuma usukani uliogeuzwa kwa nguvu isiyozidi sana uzito wa gramu 100. Nguvu hiyo ikikaa sentimita 1 kutoka kwenye mhimili, sevo inadaiwa kilo-sentimita (kilo mara sentimita) 0.1 tu. SG90, sevo ndogo kuliko zote utakazokuta kwenye maduka ya vifaa vya elektroniki, inatoa 1.8 ikiwa kwenye volti 4.8. Ni mara 18 ya kinachotakiwa. Kinachoimaliza ni msuguano wa mpira uliokazwa, na meno ya gia yasiyovumilia kugongwa. Orodha yangu nimeipanga kwa kuangalia hayo mawili.

Ya kwanza: MG90S

Umbo lake ni karibu sawa na SG90, kwa hiyo inaingia pale pale. Tofauti ni gia za chuma, na faida yake utaiona siku nyambizi itakaporudi kinyumenyume na kugonga ukingo kwa tezi, yaani sehemu yake ya nyuma. Usukani ndio unaotangulia. Pigo linapanda kwenye kana, ule mkono mdogo wa usukani, linafuata waya, linaishia kwenye meno ya gia. Za plastiki zinakatika. Nilifungua moja iliyopigwa hivyo nikakuta jino limetoka safi kama ncha ya kucha, na gia inazunguka bure kila inapofika pale. Za chuma husamehe.

Shida ya MG90S ni moja: bandia. Kuna zinazouzwa na karatasi ya MG90S ubavuni huku ndani gia moja au zote ni plastiki. Niliuziwa mbili za namna hiyo, na muuzaji alikuwa mpole kweli kweli. Siku hizi naenda na sevo kwa sonara, namwomba anipimie kwenye mizani yake ya dhahabu. MG90S halisi ina gramu 13 na kitu, SG90 ina 9. Ikisoma 10, rudisha. Kama sonara yuko mbali, fungua skrubu nne za chini, inua kifuniko cha juu, hesabu gia kwa macho. Hufungi na kufungua hirizi, ni skrubu tu.

Ya pili: SG90

Kwa anayeanza, au mwanafunzi anayejibana, hii inatosha. Ndiyo ya bei ya chini kuliko zote, na kwa sababu hiyo nunua mbili, moja ukae nayo. Iweke ndani ya sehemu kavu, usiiache karibu na unyevu. Ukiifunga, anza na hili ambalo wengi huliruka: washa rimoti, acha kijiti katikati, ndipo uingize mkono wa sevo, kile kipande cha plastiki kinachosukuma waya, kwenye gia. Sevo inasoma mapigo ya umeme yanayokuja kila milisekunde 20. Pigo la milisekunde 1.5 ndilo katikati, na kuelekea 1 au 2 ndiyo pembeni. Ukifunga mkono kabla ya kuijulisha katikati iko wapi, utakuwa na nyambizi inayogeuka vizuri kushoto na kusitasita kulia, nawe utamlaumu mwenye duka.

Ya tatu: sevo isiyoingia maji, unayoifunga nje

Wazo lake ni zuri. Badala ya kupitisha waya unaotembea kwenye ukuta, unapitisha nyaya tatu za umeme zisizotembea, unaziba kwa gundi, na sevo inakaa majini karibu na usukani wenyewe. Zipo zilizoandikwa IP67. Alama hiyo inamaanisha kifaa kimezamishwa mita 1 kwa dakika 30 na maji hayakuleta madhara. Lakini jaribio lenyewe hufanywa kifaa kikiwa kimetulia, na mhimili wa sevo yako utakuwa unazunguka muda wote. Mimi naipa msimu mmoja.

Kuna pia ujanja wa kuijaza sevo ya kawaida mafuta mepesi ya madini ili maji yakose pa kuingia. Unafanya kazi, ila ukifungua kurekebisha utanawa mikono siku nzima.

Na ukiamua kupitisha nyaya kwenye gundi, jua kwamba maji hupenya hata ndani ya waya, katikati ya nyuzi za shaba, chini ya ganda la plastiki. Gundi ya nje haiyazuii. Menya kipande kifupi cha ganda pale pale ambapo gundi itakaa, ukitenganisha waya na waya zisigusane, ili gundi iingie hadi kwenye nyuzi. Tumia ile ya mirija miwili ya kuchanganya. Gundi ya bunduki ya moto isahau kabisa, jua la Dodoma linaifanya ilegee ukiwa bado unatafuta maegesho.

Ya nne: koili ya gari la kuchezea

Ile sumaku ya umeme inayogeuza magurudumu: kushoto, kulia, basi. Hakuna kugeuka kidogo. Mtoto akifurahi, sawa.

Ya mwisho: MG996R

Gramu 55, kilo-sentimita 9.4 kwenye volti 4.8. Ikikwama inaweza kuvuta ampea 2.5 kwenye volti 6, na kidhibiti cha mota cha bei nafuu kinachotoa volti 5 za risiva mara nyingi hakibebi mzigo huo. Kisa chake umeshakisikia. Uzito wenyewe nao unakaa nyuma kwenye tezi, kwa hiyo utaongeza uzito wa risasi upande wa omo, yaani mbele, ili chombo kikae sawa, na ukimaliza hapo umepoteza nafasi ya kuelea uliyoihangaikia. Iache kwa wanaotengeneza mikono ya roboti.

Pesa iliyobaki ipeleke kwenye tundu

Hapa ndipo penye kazi, na vifaa vyake havipo kwenye duka la sevo hata kidogo. Vipo kwa fundi baiskeli na kwa fundi redio.

Waya wa kusukuma: spoku ya baiskeli. Unene wake wa milimita 2 unafaa, imenyooka, haipati kutu upesi. Bomba la kupitia: erio mbovu ya redio. Kipande chembamba cha erio ni bomba la shaba nyeupe kwa nje, na spoku inapita ndani ikiwa na nafasi ndogo tu. Nilipata yangu kwa yule yule mwenye zabibu, redio yake ilikuwa imekatika shingo muda mrefu kuliko samaki wangu. Kata sentimita 4, piga msasa ncha zote mbili mpaka zisikwaruze, gandisha kwenye kifuniko cha nyuma cha bomba la inchi 4.

Sasa kuziba. Njia ninayoiweka ya kwanza haina oringi. Chukua ule mpira mwembamba wa valvu ya baiskeli za zamani, ule unaovalishwa kwenye kipini cha valvu. Kata sentimita 3. Upande mmoja uvalishe juu ya bomba la erio upande wa nje, upande wa pili uukamate kwenye spoku, funga ncha zote kwa uzi imara mizunguko mitano. Spoku ikienda na kurudi, mpira unajikunja na kujinyoosha. Hakuna kitu kinachosuguana na kitu, kwa hiyo hakuna pa kuvuja wala pa kukaza. SG90 inausukuma kama haupo.

Ila usiupake mafuta ya mgando. Niliupaka, nikidhani nausaidia ulainike. Baada ya wiki mbili ulikuwa umevimba, unanata vidoleni kama embe bovu, na ukachanika nikiugusa. Mpira wa asili na mafuta ya petroli havipatani. Ukitaka kulainisha, tafuta grisi ya silikoni.

Njia ya pili ni oringi yenye grisi ndani ya bomba, na inafanya kazi vizuri mradi oringi iiguse spoku tu, isiinyonge. Kipimo changu ni hiki: simamisha spoku wima na uiachie. Ikishuka yenyewe taratibu, umepatia. Ikining'inia, umekaza kama nilivyokaza mimi. Oringi nyeusi za mafundi magari mara nyingi ni za nitrile, hizo zinavumilia grisi ya kawaida. Za silikoni usizipake grisi ya silikoni.

Urefu wa mikono nao una hesabu yake. Kwenye mkono wa sevo funga spoku tundu la milimita 10 kutoka katikati, na kwenye kana la usukani iwe milimita 12 kutoka kwenye mhimili. Sevo ikigeuka digrii 45, spoku inasogea milimita 7, na usukani unageuka kama digrii 36. Meli nyingi kubwa husimamia 35 na zinafika zinakokwenda. Ukizidisha, usukani unageuka kuwa breki. Mhimili wa usukani wenyewe usiuweke kwenye ukingo wa mbele kabisa. Ukiuweka karibu robo ya upana kutoka mbele, maji yanayosukuma mbele ya mhimili yanasaidia sevo kushindana na yale ya nyuma, na ile 0.1 yetu inapungua zaidi.

Kabla hujalipa, uliza rimoti

Sevo nzuri haina maana ikiwa amri haifiki. Rimoti nyingi mpya ni za gigahezi 2.4, na masafa hayo yanakufa mara tu antena inapozama. Za zamani za megahezi 27 na 40 hupenya maji baridi vizuri, lakini chumvi huzipunguza, na sisi wenye visima vya maji ya chumvi tunalijua hilo kwenye sufuria za chai. Kama unayo ya 2.4 tayari, usinunue nyingine: funga antena kwenye chelezo kidogo kinachoelea juu na waya wake ushuke hadi kwenye risiva. Kisha iweke risiva iwe inazima mota na kurudisha usukani katikati ikipoteza mawasiliano, na chombo kiwe chepesi kidogo kuliko maji ili kiibuke juu chenyewe. Kwenye bwawa la Hombolo, kilomita kama 40 kaskazini mashariki ya mji, maji ni ya tope na kikizama hukioni tena. Mtera siendi. Kule kuna viboko na mamba, nao hawana habari na megahezi.

Jambo moja la hapa kwetu. Usifunge vifuniko juani. Hewa uliyoifungia kwenye nyuzi 30 ikifika 60 juu ya boneti ya gari, shinikizo lake linapanda kwa karibu sehemu moja ya kumi, sawa na kuwa chini ya maji mita 1, ila linasukuma kutoka ndani. Ule mpira wa valvu utauona umetuna kama shavu la mtoto anayepuliza puto. Kinyume chake, ukiifunga hewa ikiwa ya moto na kuitumbukiza kwenye maji ya baridi, inanywea na kuvuta maji kwenye kila tundu ulilolidharau. Fungia kivulini, karibu na maji, dakika za mwisho.

Kwa anayeagiza kutoka Kariakoo: kifurushi kikifika stendi ya Nanenane, kifungue kabla hujaondoka. Shika sevo kwa mkono mmoja, tikisa mkono wake mdogo kwa kidole. Ukicheza zaidi ya upana wa waya, gia zimelegea na nyambizi itakuwa inatangatanga hata kijiti kikiwa katikati. Mpigie muuzaji hapo hapo, ukiwa bado una risiti ya basi mkononi.