TAHADHARI: Kuna "dhahabu ya Kirumi" feki inazungushwa WhatsApp

Wadau wa sarafu za kale, hasa tulioko Ujerumani na Uholanzi, kaeni macho. Kuna jamaa anauza aureus (sarafu ya dhahabu ya Kirumi) ya Vespasian, mtawala wa Roma, kwa euro 1,500. Bei hiyo peke yake ingetosha kukushtua, maana halisi yenye hali nzuri huuzwa kwa maelfu zaidi. Kiswahili chake kimenyooka, "shehe wangu" haimtoki mdomoni. Rafiki yangu katuma nusu ya hela. Tangu hapo namba haipatikani.

Picha na video ninazo. Upande wa kichwa huna la kusema: shingo nene, paji limekunjamana, Vespasian mtupu. Geuza sasa. Mateka kaketi juu ya rundo la silaha, mikono kafungwa nyuma, na chini yake DAC CAP, yaani Dacia (Romania ya leo) imetekwa. Aliyeiteka Dacia ni Trajan, mtawala wa baadaye, mwaka 106. Vespasian alikufa mwaka 79! Vita aliyojitangazia yeye kwenye dhahabu ni ya Uyahudi: mwanamke anaomboleza kando ya mti uliotundikwa silaha za adui, na neno IVDAEA. Aliyetengeneza hii kaunga pande za sarafu za watawala wawili.

Kwenye video kaiweka mizani: gramu 3.9. Aureus za Vespasian zina kama gramu 7.2. Alipoulizwa akajibu eti imelika kwa kukaa ardhini. Dhahabu ilike na udongo, tangu lini? Ukingoni kuna mstari wa kuungia kalibu, yaani imemiminwa, wakati Warumi walizigonga kwa nyundo. Hiyo ni shaba nyeupe au ya njano iliyopakwa rangi, mimi sina shaka.

Ana na "cheti cha asili". Cheti kisikutulize. Aureus ya Brutus (mmoja wa waliomuua Julius Caesar) yenye majambia mawili, iliyouzwa mnadani London mwaka 2020 kwa zaidi ya pauni milioni 3, ilikuwa ya kweli lakini karatasi zake zilighushiwa. Mwaka 2023 ikarudishwa Ugiriki.

Akikufuata, mwombe video ya ukingo na mizani kwa pamoja. Atakataa. Pia hulazimisha pesa zitumwe kama za kusaidiana ndugu, ili iwe vigumu kurudishiwa. Jana kaibuka na namba mpya, safari hii anauza ya Nero, mtawala mwingine wa Roma.