LawHub ya LSAC kwa anayejiandaa na LSAT: nimeitumia miezi minne

Nimezaliwa Mombasa, sasa niko Minnesota. Usiku nahudumia wazee kwenye makao, asubuhi nasoma. Nataka kuingia chuo cha sheria nije kuwa wakili wa uhamiaji, na njia niliyochagua inapitia LSAT, mtihani wa kuombea nafasi vyuo vya sheria vya Marekani, ambao alama zake huanzia 120 hadi 180.

Nilianza kwa kulipia kozi moja ya mtandaoni. Walinipa video chungu nzima na kanuni za kukariri, maswali yenyewe wamejitungia. Nilikariri, nikafeli vilevile. Ndipo nikafungua akaunti ya bure ya LawHub, tovuti ya LSAC wenyewe wanaotunga mtihani huu. Humo mna majaribio kamili kadhaa yaliyowahi kutumika, na ukitaka mengi zaidi unalipa ada ya mwaka. Skrini ni ileile utakayoikuta siku ya mtihani: unapaka rangi maneno, unakata majibu usiyoyataka, unawekea alama swali la kurudia, saa inahesabu dakika 35 za kila sehemu mbele ya macho yako. Kwangu hilo limesaidia kuliko zile video zote.

Tangu Agosti 2024 mafumbo ya kupanga watu na viti yameondolewa, kwa hiyo sehemu mbili kati ya tatu zinazohesabiwa alama ni za kupima hoja. Huko ndiko nilikokuwa nikianguka.

Maswali yao sitayanakili hapa, ila nitatunga langu linalofanana nayo. Maktaba ya mji imeanza kufungwa saa nne usiku badala ya saa mbili. Idadi ya vitabu vinavyoazimwa haijapanda. Kwa hiyo saa za nyongeza hazijawafaidi wakaazi. Unaulizwa: ni dhana gani ambayo hoja hii haiwezi kusimama bila hiyo? Chukua majibu mawili tu kati ya matano. La kwanza: wakaazi wote wanajua kwamba saa zimeongezwa. La pili: wakaazi hawakufaidika na saa hizo kwa njia nyingine yoyote isipokuwa kuazima vitabu zaidi.

Dawa yake ni kulikanusha jibu, kisha kutazama kama hoja inaporomoka. Mimi nilikuwa nikilikanusha la kwanza hivi: "wakaazi wote hawajui". Kwa Kiswahili cha nyumbani sentensi hiyo inamaanisha hakuna hata mmoja anayejua, na mara hoja ikaonekana imeyumba: ungepimaje faida ya jambo wasilolijua? Nikachagua la kwanza, nikakosa. Ukanusho wake halisi ni "si wote wanaojua". Bibi mmoja mtaa wa tatu hana habari. Hoja imetikisika? Hata kidogo. Sasa likanushe la pili: wapo waliofaidika kwa njia nyingine, mathalani mwanafunzi anayekaa pale kusoma hadi saa nne bila kuazima chochote. Hapo ile "kwa hiyo" haina tena pa kushika.

Nilipogundua tofauti ya "wote hawa-" na "si wote", nilirudia maswali yote ya aina hiyo niliyokuwa nimekosa, nikayakuta mengi yana kosa hilohilo. Hakuna video iliyonifundisha hilo. Nililiona kwa sababu LawHub inakuonyesha swali ulilokosa na jibu ulilochagua, basi nikaketi na daftari, nikawa naisimulia kila hoja kwa Kiswahili kana kwamba namweleza mama kwenye simu, nikitafuta hasa pale ambapo angenikatiza: "Ngoja mwanangu, hapo umerukaje?"

Jaribio langu la kwanza nilipata 147. La juzi, 158.

Ushauri wangu kwa mwenzangu anayeanza: usimalize majaribio ya bure kwa pupa, maana ukishayaona huwezi kujipima nayo tena. Fanya sehemu moja, kisha kaa nayo siku mbili. Na tumia kompyuta. Kwenye simu hutaizoea ile skrini. Kesho nikitoka zamu nafanya sehemu nyingine, dakika 35, simu nimeiacha jikoni.