Sindano ya kroshia: kabla ya kununua, pima shina

Malalamiko ya wafumaji yana sura moja. Seti ya vitambaa vya makochi imeanza vizuri, kipande cha kwanza kimelala bapa, cha tatu kimezidi kidogo, na cha mwisho hakikai kwenye mgongo wa kiti sawa na wenzake. Uzi ni uleule, mtindo ni uleule, mafundo yamehesabiwa. Mfumaji anaambiwa mkono wake haujatulia, na yeye anakubali. Mara nyingi mkono hauna kosa. Kosa liko kwenye sindano, tena katika sehemu ambayo wauzaji hawaizungumzii kabisa: shina.

Shina ni kile kipande cha chuma kuanzia nyuma ya koo, pale ndoano inaponasa uzi, hadi kishiko kinapoanza. Fundo la kroshia hupata ukubwa wake pale. Kitanzi kikilala mahali penye unene wa mm 4.0 kinatoka na kipimo hicho. Kikiteleza nyuma hadi pale chuma kinapotanuka kuelekea kishiko, kinatoka kikubwa zaidi, hata kama sindano imeandikwa 4.0. Sindano nyingi za bei ya chini zimenyooka kwa kipande kifupi tu, kisha zinaanza kunenepa. Ukifuma kwa haraka vitanzi hubaki karibu na ncha; ukitulia jioni na mazungumzo yakanoga, vinapanda nyuma. Ndiyo maana kitambaa cha leo hakilingani na cha jana.

Fanya hesabu uone uzito wa jambo hili. Kitambaa chenye mafundo 108 kwa mstari, kikitoka mafundo 18 kwa kila sm 10, kina upana wa sm 60. Kikitoka mafundo 17 kwa sm 10, upana unafika sm 63.5. Fundo moja tu limepungua kwenye kipimo, na viti viwili vilivyokaa bega kwa bega tayari vinasemana.

Mafundo ya kuvimba ndiyo yanayoumbua sindano mbaya haraka zaidi. Fundo la kuvimba la kuvuta uzi mara nne linakusanya vitanzi tisa kwenye shina kabla hujavipitisha vyote pamoja. Kwa uzi wa kawaida wa sweta, vitanzi tisa vinachukua karibu sm 2 ya shina. Ongeza nafasi ya koo na ya kusogeza uzi, unahitaji angalau sm 3 zilizonyooka. Sindano ikikupa sm 1.5, vitanzi vya nyuma vinakalia sehemu nene na vinalegea, vya mbele vinabana, na ukivuta uzi wa mwisho ncha inakwama katikati. Mfumaji hulaumu mtindo, akauacha.

Kupima ni kazi ya dakika mbili, na ifanyike dukani. Ukiwa na kile kibao cha matundu cha kupimia sindano, ingiza sindano ya 4.0 kwenye tundu la 4.0. Ipite bila kulazimishwa wala kuchezacheza, na iendelee hadi karibu na kishiko. Pale inapogoma ndipo unene unapoanza. Weka kidole, pima kwa rula kutoka kwenye koo. Huna kibao? Chukua uzi wa cherehani, funga kitanzi kinachobana kidogo nyuma ya koo, kisha kisukume taratibu kuelekea kishiko. Kikianza kukaza kabla ya sm 3, rudisha sindano kwa mwenye duka. Baada ya hapo pitisha ukucha ndani ya koo na chini ya kidomo, yaani ile ncha ya ndoano iliyopinda: ukikwaruza, hata uzi utakwaruzwa, na akriliki iliyosokotwa kwa ulegevu itachanika nyuzi zake kila fundo.

Sasa mpangilio wenyewe wa chapa, kuanzia iliyo bora. Ya kwanza ni Clover Amour, kutoka Japani, na sioni haja ya kuficha upendeleo huu. Katika saizi zake za alumini shina linaingia kwenye kishiko likiwa na unene mmoja, bila tako la kidole gumba, yaani ule ubapa wa kuegemeza kidole, kukatiza njia. Ncha ni ya mviringo kiasi, kwa hiyo haichomi katikati ya uzi, na alumini yake imefanywa isiwe ya kung'aa, jambo linalosaidia macho taa inapokuwa juu yako. Kila saizi ina rangi yake ya kishiko, hivyo hutachanganya 3.5 na 4.0 kwenye mkoba. Anayefuma seti nzima ya sebuleni, au anayeuza sweta za watoto na lazima za oda moja zilingane, anunue hii hata kama ni moja tu. Sindano moja nzuri ya saizi unayoitumia kila siku inafanya kazi kuliko kumi na mbili za kupamba mkoba.

Ya pili ni Tulip Etimo, Mjapani mwingine, na umbali kati yake na ya kwanza ni mdogo. Kishiko chake ni laini, ncha yake imechongoka kidogo zaidi. Hiyo ni faida kwa mtu anayefuma kwa kubana, kwa sababu inaingia kwenye fundo lililokaza bila vita. Kwa uzi uliosokotwa kilegevu ni hasara. Wanaobana waipandishe iwe ya kwanza kwao.

Tatu, Susan Bates za alumini zisizo na kishiko cha mpira. Hizi ni za Marekani, za mtindo ambao kichwa na shina vina unene mmoja, kama fimbo iliyochongwa koo tu. Kwa usawa wa mafundo ni imara sana, na bei yake ni ya chini kuliko za Japani. Koo lake ni refu kwenda ndani na kidomo kina makali, kwa hiyo mwanzoni utahisi inashika uzi kwa nguvu. Kidole kitachoka mapema kwa sababu hakuna mto wowote. Boye, ndugu yake wa Marekani, ina koo linalopungua unene kuelekea ncha: inateleza vizuri na kwa haraka, lakini anayefumia karibu na ncha atapata mafundo yanayobana kuliko kipimo. Ukiichagua, jizoeze kusukuma kila kitanzi hadi kwenye shina kamili kabla ya kuvuta uzi. KnitPro ya India yenye kishiko laini inakaa baada ya hizo; ipime moja moja.

Kwa vitambaa vya uzi mwembamba wa pamba, namba 10 au 20, habari inabadilika. Hapo unahitaji sindano ya chuma cha pua, mm 1.25 hadi 1.75 kwa uzi namba 10, na nyembamba zaidi kwa namba 20, maana namba ikipanda uzi unapungua. Sindano hizi kwa asili yake zinatanuka mapema, kwani chuma chembamba kikiachwa kirefu kinapinda. Basi hapa usitafute sm 3. Tafuta angalau mm 8 zilizonyooka, na ukishaanza seti usibadilishe sindano hadi imalizike, hata kwa nyingine yenye namba ileile. Alumini ya chini ya mm 2 usinunue. Inapinda shingoni, na ikipinda koo linatazama pembeni, kila fundo linakuja na kazi ya kuzungusha mkono.

Seti za rangi rangi kwenye mfuko wa plastiki, sindano kumi na kitu kwa bei inayoweza kuwa chini ya Clover moja: zinafaa kumfundishia mtoto cheni. Zile zenye kishiko laini cha kuigiza zina ugonjwa wa ziada, gundi ikilegea chuma kinazunguka ndani ya kishiko na ndoano haikai tena uelekeo ulioushika. Za mianzi huchubuka ncha na kuanza kunasa nyuzi. Za plastiki chini ya mm 5 zinajikunja zikikutana na uzi wa pamba.

Na sasa wauzaji. Mtu anaingia dukani anaomba sindano namba 8. Kwa namba za zamani za Uingereza, 8 ni mm 4.0. Kwa Marekani, H iliyoandikwa 8 ni mm 5.0. Kwa Japani, 8/0 ni mm 5.0. Na kwenye sindano za chuma za Marekani, 8 ni karibu mm 1.5. Muuzaji anatoa yoyote iliyo karibu na mkono wake, na mteja akiuliza anajibiwa kuwa zote ni sawa. Si sawa hata kidogo. Mtaje muuzaji milimita, na kama sindano haina milimita popote, wala kwenye chuma wala kwenye pakiti, isifungue pochi yako. Kuna na wanaochanganya kwenye sanduku moja sindano za nywele: zile nyembamba za kushikizia rasta, za mm 0.5 hadi 1, na zile zenye kifuniko kidogo kinachofunguka, za kusukia. Hizo hazifumi kitambaa. Mwanafunzi anayeanza na moja ya hizo atasema kroshia ni ngumu, na si kosa lake.

Kinachoudhi zaidi ni kulazimishwa kununua seti. Mfumaji wa sweta za watoto anahitaji 3.0, 3.5 na 4.0. Wa makochi ya uzi mnene anahitaji 4.0 na 5.0. Hakuna sababu ya kuwalipisha saizi nane ambazo hazitaguswa, kisha kuwanyima nafasi ya kufungua pakiti wapime. Maduka ya mtandaoni yanaongeza lao: picha ni ya kishiko tu, shina limefichwa kwenye uzi uliopangwa vizuri, na jina la chapa maarufu limewekwa kwenye maelezo wakati sindano yenyewe haina chapa. Kabla ya kutuma pesa, omba picha ya sindano ikiwa imelazwa kando ya rula, koo likiwa kwenye sifuri. Muuzaji mwenye sindano nzuri ataipiga dakika hiyohiyo. Anayekutumia tena ileile ya kwenye tangazo, achana naye, na uwaambie wenzako kwenye kikundi chenu cha kufuma ili nao wamruke.