Raga "si ya huku": yaliyonipata kwenye duka la gemu Kisumu

Nilitaka kuandika haya nikishatulia, lakini siku zinapita na hasira haishuki, basi wacha niyaandike hivi hivi.

Kama una kibanda cha PS, yaani cha kuchezesha PlayStation kwa malipo, upande huu wa Magharibi mwa Kenya na unatafuta gemu ya raga, usikanyage lile duka la gemu la katikati ya mji wa Kisumu lenye bango la wanasoka mlangoni. Jina silitaji. Wenye biashara hii wanalijua.

Kibanda changu kiko Kakamega, karibu na Chuo Kikuu cha Masinde Muliro. Wateja wengi ni wanafunzi. Kabras, timu yetu ya raga, wakicheza nyumbani, vijana hutoka uwanjani koo zimekauka kwa kushangilia na wanakuja moja kwa moja kwangu: "Mathe, raga iko?" Na mimi kila mara nawaambia haipo. Si kwamba sikuitafuta. EA, kampuni kubwa ya gemu, walitoa gemu ya Rugby 08 mwaka 2007, wakaachana na raga kabisa. Zilizofuata zimekuwa zikitoka kwa kampuni ndogo zaidi, na huku kwetu hakuna anayezitangaza. Rafu za maduka ni soka, mieleka na magari, basi. Hata Rugby 25 ilipotoka mapema mwaka 2025, habari nilizipata kwa mwanafunzi wa mwaka wa pili. Hakuna duka hata moja lililoniambia, na mimi ni mnunuzi wa kila siku wa pedi za kuchezea, waya na sidii.

Basi siku moja lile duka likaweka picha ya kasha la Rugby 25 la PS4 kwenye ukurasa wao. Maneno chini yake: ipo dukani, mpya, lipa nusu tukuwekee. Nikauliza, wakajibu ipo. Nikatuma elfu tatu kwa M-Pesa kwenye till yao, wakathibitisha. Wikendi nikapanda matatu, Chavakali, Majengo, Kiboswa, hadi Kisumu, na njia nzima nikipiga hesabu ya bei nitakayowatoza vijana kwa saa.

Kwenye kaunta kulikuwa na kijana amechomeka spika za masikio. Nikamsalimia, nikamwambia nimekuja kuchukua raga niliyolipia nusu. Akaniangalia, kisha akatazama nyuma yangu kana kwamba mwenye shida hasa anakuja.

"Umetumwa na nani, mathe?"

"Sijatumwa na mtu. Ni yangu."

Akamwita mwenzake kutoka chumba cha ndani. "Kuja uone, mathe anataka raga!" Wakacheka wote wawili. Duka lilikuwa na watu, na baadhi yao wakageuka kunitazama. Halafu akaniambia, na maneno haya nayakumbuka vizuri: "Hiyo ni gemu ya wanaume. Na hata wanaume wa huku hawaichezi, ni ya watu wa Nairobi. Chukua FC, ndiyo vijana wanataka." FC ni ile gemu ya soka ya EA.

Huku wapi? Alikuwa amesimama Kisumu, mji ambao una mashindano yake yenyewe ya raga, Dala Sevens. Mimi nimetoka Kakamega, nyumbani kwa Kabras, mabingwa wa Kenya Cup, ligi kuu ya raga, si mara moja. Nakuru wana mashindano ya Prinsloo. Na hilo la wanaume ndilo lililonichoma zaidi, kwa sababu mimi nimecheza raga, winga, miaka hiyo goti likiwa zima. Raga ya wachezaji saba ilipoingia Olimpiki kwa mara ya kwanza mwaka 2016, Kenya ilipeleka Rio timu ya wanaume na timu ya wanawake. Lionesses, wanawake wetu, walikuwa pale. Nikamweleza hayo yote, sauti imepanda, sikatai. Akachomeka spika zake masikioni.

Nikamwambia sawa, nipe sidii yangu niende.

Hapo ndipo ukweli ukatoka. Sidii haikuwepo. Haijawahi kuwepo. "Tuliweka tu picha tuone kama kuna watu. Wakifika kumi hivi tunaagiza." Na pesa yangu? "Pesa ikiingia haitoki, inakaa hapa kama krediti. Chukua FC uongeze kidogo."

Wakati huo dada wa kupokea malipo alinifuata hadi mlangoni, akaniomba msamaha, akasema ataongea na bosi. Kwa ajili yake pekee nilikuwa nimeamua duka hili nilipe nyota mbili. Na nitasema haki: pedi zao ni nzuri, nilizonunua mwaka juzi bado zinafanya kazi, na bei yao iko chini kuliko ya wenzao.

Lakini fikiria biashara hii inavyoendeshwa. Wanasema raga haina watu. Wanajuaje? Kwa kuhesabu wanaouliza. Anayeuliza anachekwa mbele za watu. Kesho atauliza tena? Hatauliza, na wao wataandika sifuri na kuagiza soka zaidi. Vijana walewale waliopiga kelele Shujaa, timu yetu ya taifa ya raga ya wachezaji saba, walipoinyuka Fiji 30-7 kwenye fainali ya Singapore mwaka 2016 wapo, wengine sasa wana kazi na pesa mfukoni, ila hakuna duka linalowaona.

Kuna atakayesema nipakue mtandaoni. Duka la PlayStation la mtandaoni halina Kenya kwenye orodha ya nchi zake. Inabidi ufungue akaunti ya Marekani au Uingereza, kisha utafute mtu wa kukuuzia kadi ya nchi hiyo, na kama kadi imeshatumika, huna wa kumlalamikia. Halafu uweke bando ya kushusha gemu nzima. Kwa kibanda kama changu sidii ndiyo mali. Ikichosha unaiuza au unabadilishana na mwenzako. Ya raga, kweli, wa kubadilishana naye ni wachache, na hapo siwezi kumdanganya mwenye kibanda mwingine. Kodi yangu inalipwa na FC. Raga peke yake haiwezi.

Hatimaye niliipata. Mfanyabiashara mmoja wa Nairobi aliniwekea kwenye basi la usiku, imefungwa vizuri kwenye boksi, bila maswali ya nani amenituma. Jioni ile vijana walisimama hadi nje ya mlango. Wawili walichukua All Blacks, timu ya New Zealand, kwa zamu, wakakataa kushuka, na kijana mmoja mpole ambaye huwa hasemi kitu alifunga trai ya kona akaruka hadi akagonga taa yangu. Nilitaka kuwaambia wenye vibanda wafikirie kwanza kabla ya kununua. Sasa nasema nunueni. Tozeni kwa saa, msitoze kwa mechi, maana raga inakwenda pole pole, skramu baada ya skramu, na anayejifunza hataki kuharakishwa.

Kuhusu lile duka, zile nyota mbili nazifuta. Yule dada hayupo tena pale, nimeambiwa. Nimewaandikia tena juzi kudai elfu tatu yangu, na wamejibu kwamba krediti yangu bado ipo na FC mpya imeingia. Picha ya raga bado iko kwenye ukurasa wao, na chini yake kuna mtu wa Busia anauliza atume pesa wapi. Nimemjibu mwenyewe hapohapo asitume. Wakanizuia nisiandike tena.