TG-6 na kasha lake: mwaka wangu mmoja chini ya maji ya Tanga

Nilianza na simu ndani ya ule mfuko wa plastiki wa kuning'iniza shingoni. Mfuko haukuvuja hata siku moja. Shida ni kwamba ukishazama, kioo hakisikii tena kidole, maana maji yanaubana mfuko na kukigusa kioo chote kwa pamoja. Basi nikawa nawasha video nikiwa juu, nazama nayo, halafu nyumbani nahangaika kutafuta sekunde mbili zenye samaki. Kaskazi nzima ilinipita hivyo.

Mwaka jana nikanunua kamera ya Olympus TG-6 iliyotumika, pamoja na kasha lake la kuzamia, PT-059. Nilitamani kamera ya sensa (kile kipande kinachopokea mwanga) ya inchi 1, na kwa usafi wa picha hiyo inashinda, sibishi. Lakini kasha lake likivuja, umezika kamera. TG-6 bila kasha inastahimili mita 15, na mimi huzama kwa pumzi tu, mita 6 au 7. Kasha la mita 45 la nini sasa?

Jibu nililipata Maziwe. Tulitoka Pangani alfajiri ili tuwahi kupwa, kwa sababu maji yakijaa kile kisiwa chote hufunikwa. Kasha nililifunga gizani, kwa mwanga wa simu, na unywele mmoja ukalala juu ya oringi, ule mpira wa mviringo unaozuia maji. Nilipoiinamisha kamera majini kando ya mashua, vipovu vikaanza kupanda kutoka kona moja, vimepangana kama shanga. Nahodha akaviona kabla yangu: "Mwanangu, hiyo inapumua." Ndani tulikuta maji kama vijiko viwili. Kamera, kwa kuwa yenyewe nayo haiingii maji, ikafutwa, siku ikaendelea: ngao mbili, moja ikishindwa nyingine ipo.

Tangu hapo kasha nalifunga usiku, chini ya taa, mikono mikavu. Oringi naipaka grisi ya silikoni kidogo mno, ing'ae tu. Ukiijaza unakusanya mchanga. Kisha nalizamisha kwenye ndoo nikitazama vipovu. Nikirudi baharini linakaa nusu saa kwenye maji baridi, yasiyo na chumvi, nami nabonyeza vitufe vyote, kwani chumvi ikikauka chini yake hung'ang'ania.

Rangi nayo ina mambo yake. Maji hula wekundu kwanza. Ukifika mita 5 tu, samaki mwekundu anakuwa kama amepakwa majivu. TG-6 ina mpangilio wa rangi za chini ya maji, unasaidia, haufanyi miujiza. Na flashi ya kamera karibu na kisiwa cha Toten wakati wa masika sahau kabisa: inamulika kila chembe ya tope, picha inatoka kama mtu kamwaga unga. Mimi nimenunua tochi ya kuzamia, naishika mbali na lenzi, mkono umenyooka, mwanga uingie kwa ubavuni. Pesa ya tochi ndiyo sijaijutia hata kidogo.

Ila kilichonifanya niipende ni ule uwezo wa kulenga kitu kikiwa sentimita 1 kutoka kwenye lenzi. Raskazone, maji yamekupwa, nilimpata konokono asiye na gamba, hazidi punje ya kunde, nikampiga picha hadi vipembe vyake vikaonekana mistari. Kiti cha pweza nacho ukikisogelea hivyo, ngozi yake ni kama kazi ya ushanga.

Kasoro zipo. Sensa ni ndogo, mwanga ukipungua picha inakuwa na chengachenga. Zumu chini ya maji sigusi; nasogea mwenyewe. Kasha likiachwa juani chomboni kisha likazamishwa, kioo kinapata ukungu, kwa hiyo natia ndani kile kipakiti cha kukausha kinachokuja na viatu. TG-7 ya mwaka 2023 inaingia kwenye kasha hilohilo na chaji yake ni USB-C, lakini kwa picha tu nisingeongeza pesa.

Watu mjini huniuliza kama nimeshampiga picha silikanti, yule samaki wa kale. Jamani, yule kwa kawaida huishi kina kirefu, kama mita 100 na zaidi, kasha langu linakoma 45, na pumzi yangu inakoma mbali kabla ya hapo.

Ukiagiza kasha, agiza na oringi ya akiba palepale. Yangu nimeitia kwenye kopo la filamu la marehemu babu, pamoja na grisi, na haitoki humo mpaka siku yake.